Kibondo na Kasulu: Msimu ni mmoja, lakini mbegu tuzigawe mara mbili

MWISHONI mwa Agosti kila mwaka, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli. Kwa miaka ya karibuni taarifa hiyo imekuwa ikizitaja wilaya za Kibondo na Kakonko pamoja na mikoa ya Kanda ya Ziwa Victoria, yaani maeneo yanayohesabiwa kupata mvua mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Kasulu hatajwi humo. Yeye husubiri hadi karibu na Novemba, itakapotoka taarifa ya mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili, ambamo Kasulu, Buhigwe, Kigoma na Uvinza huwekwa kundi moja na Tabora na Katavi.

Sasa fikiria, ndugu msomaji, wakulima wawili wenye mashamba karibu na mpaka wa Kibondo na Kasulu. Udongo wao ni mmoja, lugha yao ni Kiha, na wingu linalomnyeshea mmoja halihitaji kibali ili kumnyeshea mwenzake. Lakini kwenye karatasi mmoja ana vuli na masika, na mwingine ana msimu mmoja tu.

Hapa hakuna aliyedanganywa. Wataalamu wanapochora ramani lazima mstari waupitishe mahali fulani. Angani mabadiliko hayo huja taratibu, jinsi unavyotoka kaskazini kwenda kusini. Hata hivyo, mstari huo unatufundisha jambo ambalo wakulima na wafanyabiashara wa nyanda za juu za Kigoma tunapaswa kulichukulia kwa uzito: mvua yetu ni msimu mmoja mrefu wenye kiuno katikati. Hujaa Novemba na Desemba, hupungua kati ya Januari na Februari, kisha hujaa tena Machi na Aprili.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mkulima anayemaliza mbegu na fedha zake zote kwenye mvua za mwanzo anacheza kamari bila kujua. Na taasisi zinazomhudumia, kuanzia maduka ya pembejeo hadi vikundi vya kukopeshana, zinamsukuma kwenye kamari hiyo kwa kupanga mambo yao kana kwamba kupanda ni mara moja kwa mwaka.

Kiuno cha mvua kinatoka wapi

Mvua za Tanzania hufuata ukanda wa mvua unaotembea pamoja na jua. Kuanzia Oktoba ukanda huo huteremka kutoka kaskazini kwenda kusini na kupita juu yetu. Kufikia Januari na Februari nguvu yake kubwa huwa imehamia kusini mwa nchi, Malawi na Zambia. Machi na Aprili hurudi kaskazini na kutupitia tena. Ndiyo maana Kagera, walio kaskazini zaidi, wana misimu miwili iliyo wazi, na Rukwa, walio kusini, wana mmoja. Sisi tuko katikati.

Aidha, sisi hupata unyevu unaoletwa na upepo wa magharibi kutoka misitu ya Congo. Upepo huo ukikutana na miinuko yetu hupanda juu, hupoa na kunyesha. Ndiyo sababu nyanda hizi, zilizo mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hupata kwa kawaida zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo sababu hata kile kiuno cha Januari si kikavu kabisa kila mwaka. Kuna miaka kinapita bila kuonekana, na kuna miaka kinakaa wiki tatu au nne.

Kwa mantiki hiyo, ukame wa Januari si mkosi wala balaa jipya. Ni sehemu ya hali ya hewa ya kwetu. Kisichojulikana ni urefu wake tu, na kitu kisichojulikana urefu wake hupangiwa mapema.

Niliyoyaona nyumbani

Nilipokuwa darasa la sita, nyumbani kwetu Kasulu mvua ilianza mapema Oktoba. Ilinyesha siku tatu mfululizo, na mama akapanda maharage yote aliyokuwa ameyahifadhi. Majirani walifanya hivyo hivyo. Kisha mbingu zikafunga kwa muda wa wiki tatu. Mbegu zilizoota zilikauka, na zile ambazo hazijaota ziliozea ardhini.

Mama alikwenda kukopa mbegu kwa mfanyabiashara mmoja wa pale kijijini. Masharti yalikuwa debe moja kwa madebe mawili wakati wa mavuno. Alipanda tena Novemba, akavuna Januari, akalipa madebe yale, na kilichobaki kikauzwa wiki hiyo hiyo kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na wanne kati yetu tulihitaji sare na madaftari. Ilipofika Februari, mvua ya pili ilipoanza kunyesha vizuri kabisa, mama hakuwa na hata kisado cha mbegu cha kupanda.

Simlaumu yule mfanyabiashara, maana naye alikuwa na hatari yake. Wala simlaumu mama. Lakini nilipokwenda chuo kikuu kusomea uchumi wa kilimo, nilitambua kwamba hasara kubwa ya mwaka ule haikuwa yale maharage yaliyokauka Oktoba. Hasara kubwa ilikuwa shamba lililokaa bila maharage kuanzia Februari, mvua inanyesha, kwa kukosa mbegu.

Hesabu ya debe

Tuchukue mfano wa namba nilizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mkulima ana kilo 40 za mbegu ya maharage. Mvua ikienda vizuri, kila kilo humpa kilo 10. Mvua ikiharibika, kila kilo humpa kilo mbili tu. Tuseme kila kipande cha mvua, cha kwanza au cha pili, huharibika mara moja katika miaka minne.

Akipanda mbegu zote katika kipande kimoja, miaka mitatu kati ya minne atavuna kilo 400, na mwaka mmoja atavuna kilo 80. Wastani wake ni kilo 320 kwa mwaka.

Akigawa, kilo 20 mwanzo na kilo 20 baada ya kiuno, wastani wake ni zile zile kilo 320. Hajapata ziada hata ya kisado. Lakini tazama mwaka mbaya. Kipande kimoja kikiharibika anavuna kilo 240. Ili ashuke hadi kilo 80 lazima vipande vyote viwili viharibike katika mwaka mmoja, na kama kuharibika kwa kimoja hakuvuti kingine, jambo hilo hutokea mara moja katika miaka 16.

Familia inayohitaji kilo 200 kwa chakula, mbegu na ada ndogondogo itaona tofauti hiyo mara moja. Kwa njia ya kwanza inaanguka kila baada ya miaka minne. Kwa njia ya pili inaanguka mara moja kwa miaka 16. Mwenye akiba benki anaweza kuangalia wastani peke yake. Mwenye debe moja la mbegu anapaswa kwanza kuangalia mwaka mbaya utamwacha wapi.

Ikumbukwe pia kwamba hatari za vipande hivi viwili hazifanani. Maharage ya Oktoba na Novemba huogopa mvua kuanza kwa uongo, kisha mvua nyingi ya Desemba inayoleta chule na kuoza kwa mizizi, kisha kuvunwa Januari wakati mvua haijakatika, maharage yakaotea ndani ya maganda. Maharage ya mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi huvunwa Mei na Juni wakati jua limeshika, kwa hiyo hukauka vizuri. Adui yao ni mvua kukatika mapema Aprili kabla maganda hayajajaa. Adui wa wa kwanza si adui wa wa pili, na hapo ndipo ilipo faida ya kugawa.

Mahindi hayagawiki hivyo

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila zao lisubiri Februari. Mahindi yanataka kuwahi, na sababu ni kile kiuno chenyewe. Mahindi huumia zaidi yakikosa maji katika wiki mbili kabla na mbili baada ya kutoa mbelewele. Mbegu ya siku 120 iliyopandwa katikati ya Oktoba hutoa mbelewele karibu na mwisho wa Desemba, mvua ikiwa bado nzuri. Ile ile ikipandwa katikati ya Novemba hutoa mbelewele mwishoni mwa Januari, ndani ya kiuno. Mwezi mmoja wa kuchelewa unaweza kumaliza gunzi zima.

Lakini kuwahi si kukimbilia mvua ya siku tatu. Chimba kwa jembe. Kama unyevu haujafika kina cha jembe zima, na kama mvua nzuri hazijarudia ndani ya siku kama kumi, hiyo ni mvua ya kuotesha magugu. Andaa shamba, ng'oa magugu hayo, mbegu ibaki ndani ya nyumba.

Muhogo nao una nafasi yake. Ukishashika mizizi huvumilia kiuno kuliko mahindi na maharage, na hukaa ardhini ukimsubiri mwenye shamba hadi Desemba na Januari, miezi ambayo ghala huwa tupu. Jambo la kuangalia ni kukausha. Makopa ya Julai na Agosti hukauka kwa jua, lakini makopa ya Desemba huota ukungu. Anayetaka kuuza makopa avune kiangazi. Ule wa kuliwa ndani ya nyumba ndio ubaki ardhini. Na mbegu ya muhogo itafutwe inayovumilia batobato na michirizi kahawia, maana magonjwa hayo hayangoji mvua ibadilike.

Taarifa ya hali ya hewa isomwe kama mizani

Wakulima wengi husema taarifa za hali ya hewa ni za uongo. Mara nyingi tatizo liko katika kuzisoma. Mamlaka ikisema mvua za wastani, maana yake ni kiasi kilicho kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. Ni jumla ya miezi yote. Mvua inaweza kuwa ya wastani, huku katikati kukiwa na siku 20 kavu zilizokausha mahindi yako. Taarifa haikukosea, wala wewe hukosei unapolia hasara.

Kwa hiyo, taarifa itumike kupima kiasi cha kugawa. Ikisemwa mvua za mwanzo zitakuwa chini ya wastani, peleka sehemu kubwa ya maharage kwenye kipande cha pili. Ikisemwa zitakuwa nzuri, weka nusu kwa nusu, au zaidi kidogo mwanzoni. Isikupeleke kwenye yote au hakuna.

Vivyo hivyo kwa habari za El Niño. Mwaka 2023 redio zote zilitangaza El Niño, na mvua kubwa kweli zilinyesha katika maeneo mengi ya nchi. Desemba mwaka huo yakatokea maafa ya maporomoko ya Hanang. Lakini uhusiano wa El Niño na mvua ni wa nguvu zaidi pwani na kaskazini mashariki kuliko kwetu magharibi. Mkulima wa Kibondo asiamue mambo ya shamba lake kwa habari inayomhusu zaidi mkulima wa Tanga.

Na wewe wa Kasulu, usisubiri taarifa ya msimu peke yake. Isikilize ile ya Agosti inayomhusu jirani yako wa Kibondo, halafu isikilize ya Februari ya masika. Hazikutaji kwa jina, lakini zinaeleza ukanda ule ule wa mvua unaopita juu ya shamba lako.

Jirani wa Burundi amepanga kalenda yake

Ng'ambo ya Manyovu na Mabamba, wenzetu wa Burundi wanahesabu kilimo kwa misimu mitatu. Msimu A ni wa Septemba hadi Januari, msimu B ni wa Februari hadi Juni, na msimu C ni wa mabondeni wakati wa kiangazi. Mipango ya mbegu, mbolea na hata takwimu za mavuno huandikwa kwa msimu A, B na C. Ni miinuko ile ile inayoendelea.

Kwetu pia wakulima wamekuwa wakipanda maharage mara mbili tangu zamani. Wazee wetu hawakuhitaji mchumi awaambie. Kilichokosekana ni huduma kuufuata utaratibu huo. Duka la pembejeo hujaza mbegu mwezi Oktoba na kufikia Februari rafu ni tupu. Kikundi cha VICOBA hutoa mkopo wa kilimo mara moja na kudai marejesho kuanzia Januari, mwezi ambao mkulima ana maharage mabichi mkononi, ada za watoto mlangoni na ghala lisilo na mahindi. Atauza kwa bei yoyote. Akiuza na mbegu, Februari imempita.

Kwa wafanyabiashara

Wafanyabiashara wadogo wa Kasulu na Kibondo nao wana la kufanya. Tangu lami ilipoanza kuwekwa kwenye barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kufika gulioni wakati wa mvua si adhabu kama zamani. Hiyo ina maana kwamba maharage ya Januari yana wanunuzi wengi zaidi, lakini pia hatari yake ni kubwa, kwa kuwa hayajakauka. Gunia linalopimwa likiwa na unyevu hupungua uzito njiani na kuota ukungu ghalani.

Nunueni kwa mizani na kwa ukavu. Anayeleta maharage makavu apewe bei tofauti na anayeleta mabichi, naye mkulima ataona faida ya kuanika juu ya turubai. Lumbesa haisaidii hapa, kwa sababu inamlipa sawa mwenye maharage mazuri na mwenye mabovu. Na mnaokopesha mbegu, kopesheni Februari pia. Anayekopeshwa Februari huvuna wakati wa jua, na deni lake hulipwa kwa maharage makavu. Ni biashara yenye usalama zaidi kuliko ile ya Oktoba.

Wanaopinga wana hoja

Wapo watakaosema kugawa ni gharama. Ni kweli. Kulima mara mbili kunataka nguvu kazi mara mbili, na mwenye ekari moja atauliza hiyo sehemu ya pili ataipata wapi. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya maharage ya pili huingia pale pale yalipotoka ya kwanza, au katikati ya mahindi yanayoanza kukauka. Kwa mwenye ekari moja kinachogawanywa zaidi ni mbegu na fedha.

Wengine watasema hali ya hewa imebadilika, hesabu za zamani hazifai. Mimi nasema hiyo ni sababu ya kugawa zaidi. Kama hatuna uhakika tena na kuanza kwa mvua, tuna uhakika gani hata tuweke kila kitu kwenye kuanza kwake?

Tufanye nini

Kwanza, kila kaya itenge mbegu ya Februari siku ile ile inayotenga ya Oktoba, katika chombo tofauti, ikiwezekana mfuko usiopitisha hewa ili wadudu wasiimalize. Chombo hicho kisifunguliwe kwa ajili ya sare za shule.

Pili, vikundi vya VICOBA na SACCOS vigawe mkopo wa kilimo mara mbili, Septemba na mwanzoni mwa Februari, na marejesho makubwa yawe Juni na Julai.

Tatu, halmashauri za Kasulu na Kibondo zihimize wauzaji wa pembejeo wawe na mbegu ya maharage na mbolea ya kupandia kufikia wiki ya kwanza ya Februari. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imewasaidia wengi, lakini mbolea inayofika baada ya mvua ni mzigo wa ghala.

Nne, kila kijiji kiwe na kipimamvua, hata kimoja pale shuleni, na bwana shamba au mwalimu aandike kila asubuhi. Baada ya miaka kumi kijiji kitajua kiuno chake kina urefu gani, badala ya kutegemea mstari uliochorwa kwenye ramani.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri mradi wa wafadhili. La kwanza linahitaji debe moja lenye mfuniko, na nidhamu. Mama yangu siku hizi analo. Hulijaza Juni, hulifunga, na kuliweka juu ya dari. Januari iliyopita mjukuu wake alimuuliza kwa nini asiyauze maharage yale wakati bei ni nzuri. Akamjibu kwamba yale si maharage, ni shamba la Februari.